Ploti ya Mtwapa isiuzwe kwa ajili ya shule ya picha

Huku Maryland baridi imeanza kulegea na yale makoti mazito tumeyarudisha kabatini. Leo sina hadithi za theluji. Nina jambo la kifamilia ambalo limenifuata kwenye simu wiki tatu sasa, na kwa kuwa kila anayepiga anaondoka na nusu ya maelezo, nimeona bora niliandike lote hapa kila mtu alisome kwa nafasi yake. Mwenyewe mhusika ameniruhusu, msije mkasema mjomba hana siri.

Mpwa wangu wa Kisauni amemaliza kidato cha nne na anataka kusomea upigaji picha, awe na kazi hiyo maisha yake yote. Wengi wenu mmeziona picha zake. Ndiye aliyepiga zile za arusi ya mwezi wa nane, kwa kamera ya kuazima, na mimi nilipotumiwa nilidhani ni kazi ya mtu mzima. Sasa anataka kuja Washington kusoma kwa sababu mjomba yupo. Dadangu na shemeji wameshapata mnunuzi wa ploti ya Mtwapa, anatoa shilingi milioni 1.4, na anataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Ami naye, kama kawaida yake, amesema kupiga picha si kazi, ni mchezo wa vijana, mtoto akasomee uhasibu.

Msimamo wangu nausema mapema ili asiyependa aache kusoma hapa hapa: kijana apige picha, na aifanye kuwa kazi. Ploti isiuzwe. Mimi sioni kama maneno hayo mawili yanagombana, ingawa nyumbani naona mmeshagawana pande mbili kama timu za mpira.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayorukwa. Milioni 1.4 kwa dola ni kama elfu kumi na mia nane hivi. Hapa mjini shule ya sanaa yenye jina kubwa ni Corcoran, iko karibu kabisa na Ikulu ya Marekani. Zamani ilijitegemea pamoja na jumba lake la sanaa, mpaka 2014, fedha zilipoikaba, shule ikachukuliwa na Chuo Kikuu cha George Washington na sehemu kubwa ya michoro na picha ikaenda National Gallery of Art. (Hata wenye majumba ya marumaru hukosa hela, jamani.) Ada ya chuo hicho kwa shahada ya kwanza imeshapita dola 60,000 kwa mwaka, kabla hujalala wala hujala. Yaani ploti ya marehemu babu, yenye minazi yake, inalipia chini ya miezi miwili ya kukaa darasani. Halafu?

Najua mtasema zipo shule za bei nafuu. Zipo, na ni nzuri. Huku kuna vyuo vya jamii, kwa mfano Montgomery College upande wetu wa Maryland, na Northern Virginia Community College ng'ambo ya mto. Masomo ya picha yapo. Lakini bei ya vyuo hivi ina ngazi: mwenyeji analipa kidogo, na anayetoka nje, pamoja na mwanafunzi wa kigeni, analipa zaidi ya mara mbili ya mwenyeji. Ile bei mnayoiona kwenye intaneti mkafurahi ni yangu mimi ninayeishi hapa, si ya mtoto anayetoka Kisauni.

Jambo la pili ni viza, na hapa naomba shemeji asome polepole. Chuo hakimpi mtoto ile karatasi ya I-20 mpaka aonyeshe fedha za mwaka mzima wa kwanza: ada, chumba, chakula, bima. Akishafika na viza yake ya F-1, kazi ya nje ya chuo haruhusiwi mwaka wa kwanza, na kazi ya ndani ya chuo isizidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Mikopo na misaada ya masomo ya serikali ya huku si ya wanafunzi wa kigeni. Nimemsikia mpwa akisema atajilipia kwa kupiga picha za arusi Jumamosi. Mwanangu, arusi ya kulipwa ni kazi. Ukiifanya umevunja masharti ya viza, na kamera uliyokuja kuisomea ndiyo itakayokurudisha. Na huku Silver Spring na Hyattsville kupata chumba ndani ya nyumba ya mtu chini ya dola 800 kwa mwezi ni bahati. Kwangu atalala bure, hilo halina mjadala, lakini mimi si benki.

Halafu tazameni anakoelekea akimaliza. Takwimu za idara ya kazi ya Marekani za Mei 2024 zinaonyesha mpiga picha wa katikati, yaani nusu ya wenzake wanamzidi na nusu wako chini yake, alilipwa kama dola 20 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara mjini Washington kilipanda hadi dola 17.50 Julai mwaka huo huo. Tofauti ni nauli ya basi. Na wale walioajiriwa magazetini, ambao sisi tukikua tuliwaona kama wafalme, hawana kiti cha uhakika. Tarehe 30 Mei 2013 gazeti la Chicago Sun-Times liliwaachisha kazi wapiga picha wake wote wa kudumu siku moja, watu 28. Mmoja wao ni John H. White, mshindi wa tuzo ya Pulitzer ya 1982. Waandishi wakafundishwa kupiga picha kwa simu. Na hapo bado kompyuta zilikuwa hazijajifunza kutengeneza picha za watu ambao hawajawahi kuzaliwa.

Ami akifika hapa atapiga goti acheke, "nimewaambia!" Ami, subiri.

Mimi mwenyewe, kama mnavyojua, zamu zangu ni za usiku kwenye nyumba ya wazee, lakini Jumamosi huu ni mwaka wa nane nafanya kazi na mpiga picha wa arusi kama msaidizi wake, yule anayesimama upande wa pili na kamera ya pili. Yeye hana shahada ya picha. Ana nyumba, ana gari, ana watoto wawili chuoni, na kitabu chake cha arusi kinajaa miezi sita mbele. Watu wa Afrika Mashariki huku hawaachi kuoa, Ami! Kuna arusi, kuna ubatizo, kuna maulidi, kuna mahafali, na msiba nao siku hizi unapigwa picha ili waliobaki nyumbani waone. Kazi ipo. Ila siyo kazi ya kubonyeza kitufe tu. Nilichojifunza kwake ni mkataba kabla ya siku, nusu ya malipo mkononi kabla hujatoa kamera kwenye mkoba, kadi mbili za kumbukumbu ndani ya kamera moja, na karatasi yenye majina ya wazee wote wa pande mbili, maana ukimsahau shangazi wa bwana arusi utasikia habari zake miaka mitano. Hayo hayakuandikwa kwenye kitabu chochote cha lenzi na mwanga nilichokisoma.

Lakini sitaki kusema shule haina kitu, hiyo itakuwa uongo. Nilisoma darasa moja la jioni kwenye chuo cha kaunti, wiki kumi na tano. Kuhusu kamera yenyewe sikujifunza mengi. Kilichonisaidia ni ukuta. Kila wiki tunabandika picha zetu ukutani, mwenye picha anakaa kimya, wengine wanasema wanachokiona. Kimya kabisa, huruhusiwi kujitetea. Wiki ya kwanza nilitoka nimekasirika. Wiki ya nne nilianza kuona kwamba picha zangu zote nimezipiga nikiwa mbali, kama mtu anayeogopa kubisha hodi. Hicho ndicho shule inachouza: watu wanaoangalia kazi yako na kukwambia ukweli, na muda wa kuisahihisha. Ni kitu cha thamani. Swali langu ni kama lazima kinunuliwe kwa ploti.

Na hapa nataka niwapeleke U Street, maana mji huu una jibu lake mwenyewe na watu wanapita bila kuliona. Mwaka 1900 kijana mweusi wa miaka 17, Addison Scurlock, alihamia Washington na wazazi wake kutoka North Carolina. Hakwenda shule ya picha. Alikaa kwa fundi, mzungu mmoja aitwaye Moses P. Rice aliyekuwa na studio Pennsylvania Avenue, miaka minne hivi, akijifunza kila kitu cha kazi ile, kuanzia kupiga mpaka kusafisha na kuchapa. Kama vile mtoto wa kwetu anavyokaa gereji. Mwaka 1911 akafungua studio yake namba 900 U Street. Huo ulikuwa mji wa ubaguzi, na picha za mtu mweusi zilipigwa na watu wasiojua, au wasiojali, namna ya kuiwashia taa ngozi yetu. Scurlock alijua. Ukikaa mbele ya kamera yake unatoka na heshima yako. Maharusi, wanafunzi wa Howard, madaktari, wahubiri, mpaka W. E. B. Du Bois na Duke Ellington, wote alipiga. Wanawe wawili, Robert na George, wakairithi, na Smithsonian ilipouchukua mkusanyiko wa studio hiyo mwaka 1997 zilikuwa picha za karibu karne nzima ya watu weusi wa mji huu.

Kuna kipande kimoja ndani ya hadithi hiyo ninachokipenda zaidi. Hao ndugu wawili walifungua shule yao ya picha mwaka 1948, Capitol School of Photography, na wanafunzi wengi walikuwa askari waliorudi vitani, ambao ada yao ililipwa na serikali. Tazameni vizuri nani alilipa. Hakuna aliyeuza shamba la babake.

Mwingine ni Gordon Parks. Alikuwa mhudumu wa chakula ndani ya treni, umri wake kama miaka 25, akaona picha za vibarua maskini kwenye gazeti alilolikuta ndani ya behewa. Akanunua kamera ya mtumba kwenye duka la rehani huko Seattle na kujifundisha. Mwaka 1942 alikuja Washington kujiunga na kile kikosi cha picha cha serikali kilichoongozwa na Roy Stryker, na fedha za kumleta zilitoka mfuko wa Rosenwald. Walimpa kwa sababu ya picha alizokwisha kupiga. Hapa ndipo alipompiga Bi Ella Watson, mfagiaji wa ofisi za serikali, amesimama na ufagio na mopa mbele ya bendera ya Marekani. Picha hiyo imo Library of Congress, pamoja na maelfu mengine ya kikosi kile, na mtoto wa Kisauni anaweza kuzifungua zote bure kwenye kompyuta ya rafiki yake usiku wa leo. Hilo ni darasa, wala halitaki viza.

Kwetu je? Ami, wewe mwenyewe picha yako ya ujana iliyo sebuleni, ile ya suruali pana, ulipiga kwa Parekh pale Mombasa, na mpaka leo hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Sasa useme si kazi? Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor wa Bakor Studio, aliyejifunza mwenyewe na kutengeneza picha za kukata na kuunganisha ambazo leo wasomi wa Ulaya wanaziandikia vitabu. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza na kamera ya mtumba akiwa mtoto wa shule, akafungua Camerapix Dar mwaka 1963, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliitikisa dunia nzima.

Sasa msije mkasema nimechagua mifano ya upande wangu tu. Yupo Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi, ambaye shule ilimfaa sana. Alisoma Art Center huko Los Angeles, na baadaye akapigia picha Time na Life, mpaka alipouawa kwenye vita vya Biafra mwaka 1968. Bila kutoka nje pengine tusingemjua. Lakini alifikaje? Alianza na gazeti la jamaa zake Nairobi, na aliyemsaidia kupata nafasi Marekani ni Eliot Elisofon, mpiga picha wa Life, aliyeona uwezo wake. (Huyo Elisofon ndiye ambaye hifadhi ya picha ya jumba la makumbusho la sanaa ya Afrika hapa Washington ina jina lake. Kiingilio bure. Nilikwenda na wanangu.) Kazi ilitangulia, mlango ukafunguka, shule ikafuata. Mpwa anataka kuanza na mlango.

Basi nasema nini hasa? Nasema hivi. Ploti ibaki, au ikodishwe kwa mwenye kulima mchicha, lakini ibaki kwa jina la familia. Mimi natoa dola 1,500, nimeshaziweka pembeni. Kwa fedha hizo tunapata kamera ya mtumba yenye afya (yangu nilinunua kwa dola 550 na bado inapiga arusi), lenzi ya milimita 50 ambayo ni rahisi na inaona gizani, flashi moja, betri za ziada, na diski mbili za kuhifadhia. Mbili, si moja, picha za arusi ya mtu zikipotea hakuna wa kukuhurumia. Nitazituma na mtu anayekuja mwezi ujao, msiniulize kuhusu ushuru, tutaongea kwa simu.

Halafu akae kwa fundi mwaka mmoja. Wako mafundi wazuri Mombasa, wenye studio na wasio na studio. Ajitolee kubeba taa, achelewe kulala, ajifunze kudai hela bila kugombana. Ushauri wa Ami nao usitupwe wote: jioni akasome hesabu za biashara, kozi fupi tu, kwa sababu wapiga picha wengi ninaowajua walioanguka hawakuangushwa na picha mbaya, waliangushwa na kutojua wanadai nani. Huo ukuta niliosema, tutautengeneza. Kila Jumapili anitumie picha kumi, si mia, kumi, na mimi nitamwambia ukweli bila kumbembeleza. Nina marafiki wawili hapa wanaofanya kazi hii ambao wamekubali kuziangalia pia.

Baada ya miaka miwili atakuwa na mkoba wa kazi mkononi. Hapo aombe ufadhili, na si Marekani tu, aombe popote. Chuo kikimwita kwa fedha zake, aende, nitampokea uwanja wa ndege mwenyewe na bango lenye jina lake. Kisipomwita atakuwa na wateja na kamera, na minazi ya babu bado imesimama.

Dadangu ameniuliza jana, kwa sauti ile mnayoijua, "na miaka miwili ikipita hamu ikaisha?" Inawezekana kabisa. Ana miaka 18. Lakini hamu ikiisha akiwa Kisauni tumepoteza dola 1,500 za mjomba. Ikiisha akiwa hapa, mwaka wa pili, baridi ya Januari, ada ya muhula ikidaiwa na hana ruhusa ya kibarua, tutakuwa tumepoteza kitu ambacho mimi wala shemeji hatuna uwezo wa kukirudisha. Ardhi ya Mtwapa leo haishikiki, na aliyeiuza jana anaiangalia leo kwa macho.

Kwa hiyo naomba, kabla mnunuzi hajapewa jibu, mpwa anitumie zile picha kumi za kwanza. Asitume za arusi. Ampige bibi yake jikoni asubuhi, mlango ukiwa wazi, bila flashi. Na shemeji anipigie Jumamosi baada ya saa nne usiku wa huko, huku nitakuwa nimeamka na sijaenda arusini.